Bibi Kihispania, Mjukuu Kiingereza: Kwa Nini Riwaya za Lugha Mbili Huwagawa Wasomaji

Machi 1, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri inayotamka kwamba Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Marekani. Huku kwetu wengi waliuliza: kwani siku zote haikuwa? Haikuwa. Katiba ya nchi ile haitaji lugha rasmi, na ingawa majimbo mengi yalishajitungia sheria zake, serikali kuu haikuwahi kuipa lugha yoyote cheo hicho. Amri hiyo ilichochea upya ubishi mkongwe kuhusu Kihispania, ambacho watu zaidi ya milioni 40 nchini humo hukizungumza majumbani mwao. Ubishi wenyewe hauishii kwa wanasiasa. Umeingia mpaka kwenye riwaya.

Kila mwaka, kati ya Septemba 15 na Oktoba 15, Marekani huadhimisha Mwezi wa Urithi wa Wahispania, na orodha za riwaya kuhusu familia za Walatino husambaa kila kona. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hudaka jina moja, akakitafuta kitabu, na kabla hajafika mbali akakutana na sentensi iliyoanza kwa Kiingereza na kuishia Kihispania. Tafsiri hakuna. Tanbihi hakuna. Akienda kutafuta wenzake wanasemaje, ndiyo anachanganyikiwa zaidi: mmoja amelia kwa furaha, mwingine anataka arudishiwe pesa yake, na wa tatu, mwenye jina la ukoo la Kihispania kabisa, anasema kitabu kimemtia aibu. Kitabu kile kile.

Maoni yangu ni kwamba ugomvi huu, ingawa unazungumzwa kama ugomvi wa maneno magumu, kwa kweli unahusu nafasi. Kila msomaji anauliza, mara nyingi bila kujua kuwa anauliza: mwandishi alipokuwa akiandika, alikuwa amemgeukia nani? Ili tufike hapo tunahitaji kwanza kuelewana kuhusu watu wenyewe.

Mlatino ni nani, na mhamiaji ni yupi

Kwa matumizi ya Marekani, Mlatino ni mtu mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, yaani kuanzia Mexico kushuka chini, pamoja na visiwa kama Cuba, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika. Mhispania, kwa maana ya Kimarekani, ni mwenye asili ya nchi inayozungumza Kihispania. Makundi haya hupishana kidogo: Mbrazili ni Mlatino lakini si Mhispania, kwa kuwa lugha yake ni Kireno, na mtu wa Madrid ni kinyume chake. Sensa ya 2020 ilihesabu takribani watu milioni 62 waliojitambulisha kuwa Wahispania au Walatino, karibu mmoja kati ya kila Wamarekani watano.

Dhana ya kwanza inayohitaji kuondolewa njiani ni kwamba hao wote walihamia. Wengi wamezaliwa Marekani. Wengine hawakuvuka mpaka wowote kamwe, ni mpaka uliowavuka wao: kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848, baada ya kushindwa vitani, Mexico iliachia eneo kubwa mno, na Wamexico waliokuwa wakiishi humo wakaamka wakiwa ndani ya nchi nyingine. Wapuerto Rico nao ni raia wa Marekani tangu 1917, kwa hiyo anayetoka San Juan kwenda New York hahami nchi hata akihisi baridi ya ugenini.

Basi tunaposema riwaya ya familia ya wahamiaji, kwa kawaida tunamaanisha nyumba ya vizazi vitatu. Kuna bibi aliyebaki nyumbani kwao au aliyeletwa uzeeni. Kuna baba na mama waliovuka, wenye Kiingereza cha kazini. Kuna watoto waliozaliwa Chicago au New Jersey, ambao Kihispania wanakielewa kuliko wanavyokizungumza. Lugha ndani ya nyumba hiyo haigawanyiki kwa siku wala kwa vyumba. Inabadilika kulingana na nani ameingia mlangoni.

Jinsi lugha mbili zinavyowekwa kitabuni

Tukisema kitabu kina lugha mbili, tunaweza kuwa tunazungumzia vitu tofauti kabisa. Njia rahisi kuliko zote ni kuchapa matoleo mawili kwa pamoja. Tomás Rivera, mtoto wa vibarua wa mashambani kutoka Crystal City, Texas, alichapisha mwaka 1971 kitabu kuhusu vibarua hao, Kihispania na tafsiri yake ya Kiingereza ndani ya jalada moja. Hapo hakuna ugomvi. Chagua upande wako usome. Ugomvi huanza lugha mbili zinapolazwa kitanda kimoja, kwenye sentensi moja.

Chukulia umealikwa chakula kwenye nyumba ambayo lugha yao huijui vizuri. Mwenyeji mmoja atakatiza kila neno akufasirie, mpaka mazungumzo yenyewe yapoe pamoja na chakula. Mwingine atakufasiria yale ya lazima na mengine atakuachia, akijua una macho: bibi akibamiza sufuria huhitaji mkalimani kujua amekasirika. Wa tatu ataendelea na hadithi zake na ndugu zake kana kwamba umezaliwa humo, na ukitaka kuelewa utasogeza kiti. Wote watatu wamekukaribisha. Wageni wengi hawakubali kwamba yule wa tatu naye amewakaribisha, na hapo ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa.

Riwaya za zamani zilifuata mwenyeji wa kwanza. Neno la Kihispania liliandikwa kwa herufi za mlazo, likafuatwa hapo hapo na maana yake kwa Kiingereza, hata mhusika alipokuwa akiongea na mama yake mzazi. Isome kwa sauti uone ilivyo vigumu kuiamini: nani humwambia mama yake neno kisha akamfasiria?

Giannina Braschi, mwandishi wa Puerto Rico, alikwenda mpaka mwisho wa njia ya mwenyeji wa tatu mwaka 1998 kwa riwaya ya Yo-Yo Boing!, ambayo asiyejua lugha zote mbili hawezi kuifuata. Wasomaji wake ni wachache na wanaipenda kwa ukali. Lakini vitabu vilivyowagawa watu wengi zaidi viko katikati, na hapo nataka tukae kidogo.

Caramelo na mgeni wa ukurasa wa kwanza

Sandra Cisneros alizaliwa Chicago mwaka 1954, binti pekee katikati ya wavulana sita, baba yake fundi wa kupamba makochi kutoka Mexico. Kitabu chake cha 1984, The House on Mango Street, kilitolewa na Arte Público Press, mchapishaji mdogo wa Houston, kabla hakijachukuliwa na mchapishaji mkubwa na kuingia kwenye madarasa ya nchi nzima. Kile ni chepesi kwa msomaji wa Kiingereza. Kihispania chake ni cha kudonyoa. Mwaka 2002 alitoa Caramelo, riwaya nene, na safari hii hakudonyoa.

Caramelo inaanza barabarani. Ndugu watatu, kila mmoja na gari lake na familia yake, wanafukuzana kutoka Chicago hadi Mexico City kwenda kwa wazazi wao, kama wafanyavyo kila kiangazi. Msimulizi ni Lala Reyes, mtoto wa mwisho na binti pekee kwenye nyumba ya wavulana sita. Baba yake, Inocencio, ni fundi makochi. Mama yake, Zoila, ni Mmexico aliyezaliwa Marekani, na mama mkwe hamkubali. Bibi huyu, ambaye wajukuu wamembandika jina la Bibi Mbaya, anampenda Inocencio kupita wanawe wote na kuwaona wajukuu wa kaskazini kama watoto waliolelewa vibaya, wasiojua hata kuongea.

Sasa tazama lugha inavyofanya kazi humo. Yapo maneno ya Kihispania yaliyoachwa wazi, ndiyo, lakini jambo la kijanja zaidi ni kwamba hata Kiingereza chenyewe kina mifupa ya Kihispania. Babu anaitwa Babu Mdogo, si kwa kuwa ni mfupi, bali kwa sababu Kihispania humwita babu kwa kumdogosha kimapenzi na Cisneros ameihamisha tabia hiyo ilivyo. Shangazi ana jina la rangi ya ngozi yake, amu ana jina la unene wa uso wake, kama familia nyingi za Mexico zinavyoitana bila ubaya. Msomaji asiyejua Kihispania anaona Kiingereza cha ajabu kidogo, chenye adabu nyingi na majina ya kuchekesha. Anayejua Kihispania anasikia nyumba ya shangazi yake. Ukurasa ni mmoja na wanasoma mambo mawili.

Kuna wasomaji waliokereka. Walisema kitabu ni kirefu, kina tanbihi nyingi kama tasnifu, kinazungukazunguka, na maneno yasiyofasiriwa yanawatoa kwenye hadithi. Sehemu ya malalamiko haya nayakubali; zipo sura ambazo zingeweza kupunguzwa na hakuna ambaye angezikosa. Ila lalamiko la kutolewa kwenye hadithi lina kitu ndani yake. Katika sehemu ya pili ya riwaya, bibi aliyekwisha kufa anaingilia usimulizi wa Lala, anamkatiza, anamwambia haikuwa hivyo, unanipaka matope, simulia vizuri. Riwaya nzima ni mabishano kati ya mjukuu wa Kiingereza na bibi wa Kihispania kuhusu nani ana haki ya kuisimulia familia. Ukiondoa lugha mojawapo, umemnyamazisha mbishani mmoja.

Je, anayechanganya hajui lugha zote mbili?

Hii ndiyo dhana ngumu kufa, na inashikiliwa na wasomi pamoja na wasiosoma. Wanaisimu huita tabia hiyo ya kuchanganya lugha kubadili msimbo. Mtaani kule huitwa Spanglishi. Wenye lugha wa Hispania na Amerika ya Kusini mara nyingi hukunja uso. Msomi Ilan Stavans alipochapisha sura ya kwanza ya Don Quijote, riwaya kongwe na maarufu ya Kihispania, kwa Spanglishi mwaka 2002, katika gazeti la Barcelona, alipokea hasira utadhani amebomoa kanisa.

Mwaka 1980 mwanaisimu Shana Poplack alichapisha utafiti aliofanya kwa Wapuerto Rico wa East Harlem, New York. Alirekodi maongezi yao na kuchunguza ni wapi hasa wanabadilisha lugha. Matokeo yake yaligeuza mawazo ya wengi: waliokuwa wakibadilisha katikati ya sentensi, ile aina inayoonekana ya kihuni kuliko zote, ndio waliokuwa mahiri katika lugha zote mbili. Wenye udhaifu katika lugha mojawapo walikwepa. Walibadilisha mwishoni mwa sentensi au kwa vijineno vya kupachika tu. Zaidi ya hapo, walibadilisha mahali ambapo sarufi za lugha zote mbili zinaruhusu, kana kwamba kila mtu amebeba vitabu viwili vya sarufi kichwani na anavifungua kwa pamoja.

Mswahili hana haja ya kwenda Harlem kuliona hili. Anayesema “nimekufowadia ile meseji” ametumia kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha mtendwa, na akamalizia kwa kauli ya kutendea, vyote mahali pake. Neno ni la kuazima, sarufi ni ya kwao. Na katika uandishi pia hatuko mbali: David Maillu wa Kenya alichapisha mwaka 1989 hadithi nzima, Without Kiinua Mgongo, kwa Kiingereza na Kiswahili vilivyochanganywa kama watu wa Nairobi wanavyoongea.

Kwa hiyo mwandishi anayechanganya lugha katika riwaya hajashindwa kuandika Kiingereza. Unaweza kumlaumu kwa mengine, lakini lawama hiyo ushahidi unaikanusha.

Aliyekosa lugha ya bibi

Nimesema yupo msomaji mwenye jina la Kihispania anayedai kitabu kimemtia aibu. Huyu husahaulika katika ubishi huu, na kwangu ndiye mwenye mengi ya kutufundisha, maana watu wengi hudhani kila Mlatino anazungumza Kihispania.

Kwa miongo mingi, katika shule za Texas na maeneo jirani, mtoto aliyekutwa akiongea Kihispania aliadhibiwa. Mwandishi Gloria Anzaldúa, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maisha ya mpakani, alikumbuka kukutwa akiongea Kihispania wakati wa mapumziko na kuchapwa rula tatu kwenye vifundo vya vidole. (Waliosoma Kenya na kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama hawahitaji kuelezwa zaidi.) Sheria ya kugharimia elimu ya lugha mbili ilipitishwa mwaka 1968, lakini wakati huo wazazi wengi walishafanya uamuzi wao: mwanangu hatachapwa kwa hili, mwanangu ataongea Kiingereza. Uamuzi huo ulikuwa wa upendo. Matokeo yake ni wajukuu wanaokaa na bibi yao wakitabasamu tu.

Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, katika utafiti iliouchapisha 2023, ilikuta kwamba asilimia 78 ya Walatino watu wazima wanasema si lazima mtu ajue Kihispania ili awe Mlatino. Uungwana mkubwa. Lakini miongoni mwa wasiokijua, au wanaokijua kidogo tu, asilimia 54 walisema wamewahi kufanywa wajisikie vibaya na Walatino wenzao kwa sababu hiyo. Kwa midomo wameruhusiwa, kwa macho wamekataliwa.

Mchukue mtu wa aina hiyo, umpe riwaya yenye Kihispania kisichofasiriwa. Mmarekani mweupe wa Ohio akishindwa kuelewa, anakerwa na mwandishi. Huyu akishindwa, anajikera mwenyewe. Maneno yale yale yaliyoandikwa ili kumpa nafasi ya heshima mezani yanamkumbusha kwamba alikaa meza hiyo utoto mzima na hakuwahi kuelewa yote. Wapo wanaofunga kitabu kwa sababu hiyo, na wapo wanaokiendea na simu pembeni, wanatafuta neno baada ya neno, kisha wanampigia mama yao kuuliza.

Upande mwingine wako Walatino wasiolalamikia lugha kamwe. Wao wanachokereka nacho ni siri za nyumba kutolewa barazani: baba mlevi, mume mwenye mtoto wa nje, bibi anayebagua wajukuu kwa weupe wa ngozi. Katika Caramelo lipo hilo la mtoto wa nje, na lina uzito. Wasomaji hawa huuliza kwa nini Wamarekani wauziwe picha hiyo wakati tayari wanatudharau. Sina jibu la kuwaridhisha. Mwandishi aliyelazimishwa kuwa balozi wa kabila lake huishia kuandika vipeperushi vya utalii, lakini wanaolipia kwa kudharauliwa kazini ni wao, si yeye.

Mgeni halisi ni nani?

Mwandishi Junot Díaz alizaliwa Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, mwaka 1968 na kupelekwa New Jersey akiwa mtoto. Riwaya yake ya 2007, The Brief Wondrous Life of Oscar Wao, ilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Inahusu familia ya Kidominika inayoamini imelaaniwa, na kijana wao mnene anayependa hadithi za kubuni za anga za juu. Kihispania chake hakijaandikwa kwa herufi za mlazo, hakijafasiriwa, na hakina sherehe, yaani orodha ya maana za maneno, mwishoni.

Kinachochekesha ni kwamba kitabu kimejaa tanbihi, ndefu, zenye maneno makali, lakini nyingi zinaeleza udikteta wa Rafael Trujillo, aliyeitawala Jamhuri ya Dominika kwa mkono wa chuma kuanzia 1930 hadi alipouawa 1961. Historia anakueleza, msamiati hakuelezi. Na si Kihispania peke yake kilichoachwa bila ufunguo. Majina ya wahusika wa vitabu vya katuni na ya ulimwengu wa Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, yametapakaa humo bila maelezo yoyote. Shangazi wa Santo Domingo ataelewa Kihispania na kupotea kwenye katuni. Kijana wa Seattle ataelewa katuni na kupotea jikoni. Hata msomaji wa Mexico au Chile hayuko salama, kwa kuwa Kihispania cha Karibi kina mambo yake: neno ambalo kwa Mdominika ni basi, kwa Mchile ni mtoto mchanga. Sioni kama Díaz alitaka kumfungia mtu mlango. Nadhani alitaka kila msomaji apotee mahali fulani, na kwa zamu.

Wasomaji wakajitengenezea ufunguo wenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Sisi tuliokulia kwenye diwani zenye sherehe nyuma tunaielewa hamu hiyo. Lakini kuna tofauti kati ya sherehe iliyoandikwa na mashabiki na ile iliyowekwa na mwandishi. Ya mwandishi hutangaza tangu mwanzo kwamba upande mmoja ni wa wenyeji na mwingine unahitaji kufasiriwa. Herufi za mlazo hufanya vivyo hivyo kimyakimya. Magazeti yetu hulaza neno la Kiingereza. Riwaya za Kiingereza za Waafrika ziliwahi kulaza ugali na matatu. Anayelazwa ndiye mgeni.

Ubishi huu una umri mkubwa kuliko wahusika wake. Mwandishi Mrusi Tolstoy alifungua Vita na Amani kwa Kifaransa cha mabwanyenye wa Petersburg, kurasa kwa kurasa. Katika toleo la 1873 alikiondoa, akaweka Kirusi. Matoleo ya baadaye yakakirudisha. Cormac McCarthy naye, Mmarekani asiye Mlatino, aliacha mazungumzo marefu ya Kihispania bila tafsiri katika All the Pretty Horses, akapata tuzo ya taifa ya vitabu mwaka 1992. Sijawahi kusikia msomaji akimshuku kwamba hajui Kiingereza. Kwake Kihispania kilihesabiwa kuwa ujasiri wa kisanaa. Kwa mtoto wa fundi makochi, neno hilo hilo linahesabiwa kuwa ukaidi.

Wakati mwingine ubishi huvuka meza ya msomaji ukafika mahakamani. Arizona ilipitisha mwaka 2010 sheria iliyoifunga programu ya masomo ya Wamarekani wenye asili ya Mexico katika shule za Tucson, programu ambayo pamoja na mengine ilisomesha kazi za Cisneros. Mwaka 2012 vitabu kadhaa vikafungwa maboksini na kuondolewa madarasani. Mwaka 2017 jaji wa shirikisho, A. Wallace Tashima, aliamua kwamba hatua hiyo ilisukumwa na chuki ya rangi. Kufikia hapo wengi wa wanafunzi wa programu hiyo walishakuwa watu wazima.

Usomeje basi

Kwanza, usisimame kwenye kila neno. Waandishi wazuri wa mtindo huu huweka maana kwenye tendo: mtu anaambiwa jambo kwa Kihispania, anainuka na kufunga dirisha. Umeshaelewa.

Pili, na hili ndilo linalolipa zaidi, badala ya kuuliza neno lina maana gani, uliza kwa nini lugha imebadilika hapo. Nani ameingia chumbani? Nani anafichwa jambo? Katika nyumba hizi wazazi huenda kwenye Kihispania kugombana kuhusu pesa, na watoto huenda kwenye Kiingereza kuwasengenya wazazi. Mtoto wa kwanza mara nyingi ndiye mkalimani: anampeleka mama hospitali na kumfasiria daktari mambo ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia. Amri ile ya Machi 2025 iliifuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka taasisi za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri, kwa hiyo watoto hao hawatapungua. Familia za Wakongo waliopokelewa Marekani kama wakimbizi, zinazoongea Kiswahili jikoni na Kiingereza shuleni, zinaijua kazi hiyo kwa undani, na pengine ndizo zitakazosoma riwaya hizi bila kuuliza maswali mengi.

Na je, kitabu kama Caramelo kikitafsiriwa? Kwa Kihispania kilishatafsiriwa, na Liliana Valenzuela, kikatoka mwaka ule ule wa 2002; Oscar Wao ilifasiriwa na Achy Obejas. Fikiria mtihani wao: maneno yaliyokuwa yanang'aa kwenye Kiingereza yanazama kwenye Kihispania kama chumvi kwenye bahari, na mtafsiri analazimika kutafuta namna nyingine ya kumfanya msomaji ahisi kuna lugha mbili ndani ya nyumba.

Kwa Kiswahili ingekuwa kazi ya namna yake. Kiswahili kikikaa mahali pa Kiingereza, kitakuwa lugha ya shule na ya mwenye nguvu, na kwa mtoto wa Mkongo aliyeko Kentucky hiyo si kweli hata kidogo. Kikikaa mahali pa Kihispania, Lala atasimulia kwa lugha gani? Mimi ningemwachia bibi Kihispania chake chote, Lala nikampa Kiswahili cha mtaani, na sherehe nisingeweka. Mhariri angekataa, na huenda mauzo yangekuwa upande wake.